Nilivyopunguziwa usikivu wa sensa ya taa za mbele, Kampala

Gari ni Toyota Harrier ya 2014 kutoka Japani, swichi ya taa ina sehemu ya AUTO, yaani sensa ikiona giza taa zinawaka zenyewe. Mjini haikunisumbua sana. Kero ilianza nilipopata kazi ya kwenda Jinja mara kwa mara. Ukiingia msitu wa Mabira saa saba mchana, jua linachoma, lakini miti imefunika barabara na taa zinawaka zenyewe. Ukitoka kivulini zinazima, mbele kidogo zinawaka tena. Madereva wa taksi wanaokuja wanakupigia taa kukuambia zako zimewaka. Sasa, nchi hii ukipigiwa taa mchana unajua mbele kuna trafiki, basi kila mara nikawa napunguza mwendo nikitafuta sare nyeupe ambayo haipo.

Najua swali litakalokuja: si uzungushe tu mpaka OFF? Kwa gari la umri huu inawezekana, na kama unataka kuzima tu, usimpe fundi hata shilingi. Lakini mita za gari hili zinang'aa mchana na usiku, kwa hiyo giza likiingia hakuna cha kukukumbusha kuwa taa hujawasha. Saa moja jioni barabara imejaa boda boda, nyingine hazina taa hata moja. Mimi AUTO naitaka. Nilichotaka ni ingoje giza la kweli.

Fundi wa kwanza alifungua boneti kabla sijamaliza kueleza. "Ssebo, tunakata waya mmoja, kesi imekwisha." Nikamuuliza waya huo unafanya kazi gani nyingine, akacheka. Swali halikuwa la mzaha: kwenye baadhi ya Toyota sensa ya taa imeunganishwa na ile ya AC inayopima jua, ukikata unaharibu viwili. Wa pili alileta utepe mweusi wa umeme aubandike juu ya sensa. Hapo hata mtoto angeona kasoro. Sensa ikizibwa inaona usiku, na taa zitawaka kutwa.

Niliyemlipa yuko kwenye kichochoro cha mafundi wa umeme karibu na soko la Kisekka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa lile zulia la manyoya ambalo watu wa bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa nje) walilitandika juu ya dashibodi. Ukingo wake ulikuwa umeegemea kale kakifuniko cheusi cha mviringo chini ya kioo cha mbele, na ndiko sensa iliko. "Mzee, zunguka kwanza hivi hivi, ukiridhika usinilipe." Fundi wa kusema hivyo Kampala nilikuwa sijakutana naye. Kwa kweli nafuu ilipatikana, ila Mabira bado taa ziliwaka, nikarudi.

Safari hii alichomeka kebo kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akafungua kompyuta yake, akaingia kwenye mipangilio ya umeme wa bodi. Usikivu wa sensa ulikuwa na ngazi tano, ya katikati ikiwa ya kiwandani. Akaipiga picha skrini kabla hajagusa chochote, ili nikitaka kurudishiwa ya zamani ijulikane. Akashusha ngazi moja, akafunika sensa kwa kitambaa pole pole tukiangalia taa zikiwaka ukutani, kisha akashusha nyingine. Hakuna waya uliokatwa, wala fyuzi iliyotolewa.

Sasa Mabira napita bila kupigiwa taa, isipokuwa wingu la mvua likitanda, na hapo nataka ziwake. Magharibi zinachelewa kidogo kuliko zamani. Kama macho yako si mazuri jioni, ishia ngazi moja.

Kuna jambo ambalo hakuna fundi atakayelirekebisha kwa kompyuta: sensa inapima mwanga, haipimi ukungu. Asubuhi njia ya Kabale ukungu ni mweupe, sensa inaona kumekucha, taa zinabaki zimezima na wewe huonekani. Vumbi la barabara ya muramu ni vivyo hivyo. Washa kwa mkono.

Wenye magari mapya kidogo wasijisumbue. Japani iliweka sharti kwa modeli mpya kuanzia Aprili 2020, na kwa zile zilizokuwa tayari sokoni kuanzia Oktoba 2021: mwanga ukishuka chini ya laksi 1,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) taa ziwake zenyewe, na dereva asiweze kuzizima gari likitembea. Shemeji yangu ana Harrier ya 2021. Akifika kwenye geti na askari akapaza sauti "Taa!", anaweza kuzima akishasimama, lakini akiondoka zinarudi. Fundi yule yule alikataa hela yake, akamwambia gari halina ugonjwa.

Mimi nililipa shilingi 50,000, na muda mwingi ulikwenda kusubiri zamu. Nenda mchana wa jua, mawingu yanaharibu majaribio. Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu risiti niliiomba mara mbili ndipo akaandika, tena nyuma ya boksi la balbu.