Kituo kidogo cha hali ya hewa kwenye zabibu zangu Hombolo: nyota tatu

Kwenye mvua na joto sina neno. Sola inachaji hata siku ya mawingu, namba zinaingia kwenye simu na bando haliliwi sana. Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya upepo, na huku Dodoma upepo wa kiangazi ndio unaokausha shamba.

Programu yake inakokotoa maji ya kumwagilia kwa kanuni ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) ya mwaka 1998. Kanuni hiyo inataka kasi ya upepo wa mita 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi fupi za kama sentimita 12. Vituo vikubwa, vya viwanja vya ndege kwa mfano, hupima mita 10 juu, ambako upepo una kasi zaidi, kwa hiyo namba yao huzidishwa kwa 0.75: mita 5 kwa sekunde zinashuka kuwa 3.7 hivi.

Sasa hiki kinakuja na mlingoti wa mita 3, lakini ndani ya programu kimo kimewekwa 10 tangu kiwandani! Kwa mita 3 kizidisho ni 0.92. Ukiiacha ilivyo, upepo unapunguzwa kupita kiasi, na mipira ya matone inafungwa mizabibu ingali na kiu. Sehemu ya kurekebisha ipo, ila wameificha mbali kwenye mipangilio, na kijitabu hakiitaji kabisa.

Fundi wao naye alitaka kusimika mlingoti katikati ya mistari. Nikakataa. Majani yakipanda, vikombe vinavyozungushwa na upepo vitakuwa vinapima upepo uliokwisha kuzuiwa. Tumekiweka kwenye uwazi wa nyasi fupi, mbali na mizabibu angalau mara kumi ya urefu wake. Kwa mizabibu ya mita 2, ni mita 20. Urefu wa zao lenyewe unashughulikiwa na kizidisho cha zao, yaani namba inayogeuza hesabu ya maji ya nyasi kuwa ya zao lako, ambacho kwa zabibu za mvinyo katikati ya msimu ni 0.70. Ndiyo maana jirani yangu mwenye alizeti anatumia namba za kituo hikihiki, anabadilisha kizidisho tu.

Halafu kuna vumbi. Vikombe vikianza kuzunguka kwa uzito, vifute, maana upepo utasomeka mdogo hata mlingoti ukiwa mahali pake.