Jiliwa lipi ununue kwa kufunga nzi wa maji ya uvuguvugu

Ukitaka kujifungia nzi bandia wa kuvulia besi na perege, hela yako ya kwanza iende kwenye jiliwa, yaani kibanio kinachoshika ndoana unapofunga. Uzi, manyoya na mkasi utabadilisha mara nyingi, lakini jiliwa baya litakuharibia kila nzi utakayemfunga.

Nasema hivi kwa sababu nzi wa maji ya uvuguvugu ni wanene na ndoana zao ni nzito. Besi huvuliwa kwa ndoana namba 2 hadi 2/0. Perege na wenzake wenye vinywa vidogo hutosheka na namba 8 au 10. (Namba ikipanda, ndoana inapungua; ila ukiingia 1/0, 2/0 na kuendelea, mambo yanageuka: namba ikipanda, ndoana inakua.) Majiliwa mengi ya bei ya chini hushika vizuri ndoana ndogo tu.

Nafasi ya kwanza naipa jiliwa la kawaida lisilozunguka, lenye taya za chuma kigumu na skrubu ya kulifunga ukingoni mwa meza. Halina mbwembwe, ila halitikisiki. Mfano ni Clouser Minnow, nzi aliyebuniwa na Bob Clouser kwa ajili ya besi wa mto Susquehanna, Marekani. Macho yake, vidonge vizito vya madini ya risasi, hukaa juu ya shina la ndoana, na uzito huo ndio humgeuza nzi majini, ncha ikatazama juu asinase majani. Macho hayo hufungwa kwa kupitisha uzi kimshazari, huku na huku, kwa mkazo unaokaribia kuukata. Mara ya kwanza nilipomfunga, kila nilipokaza uzi, ndoana iliinama kidogo kidogo tayani, macho yakapinda, na majini nzi akaogelea kiubavu. Nilipobadilisha jiliwa, uzi uleule na mikono ileile vilitoa nzi aliyenyooka.

Ya pili ni jiliwa linalozunguka. Ukifunga nzi aitwaye Woolly Bugger, unazungusha ndoana na unyoya wa jogoo unajiviringisha mwilini kwa nafasi zinazolingana. Tena unaona upande wa pili bila kuinama. Ni zuri kweli. Nimelishusha kwa sababu kwa bei ileile mara nyingi unapata mzunguko mzuri na taya dhaifu. Ukipata lenye vyote viwili, lichukue.

Ya tatu ni seti ya kuanzia, yaani kasha lenye kila kitu. Mkasi wake huwa butu, manyoya ni ya nzi wadogo wa maji baridi, na jiliwa ndilo walilobania gharama. Inamfaa mtu anayelenga perege tu.

Jiliwa la kushika mkononi liache. Mkono mmoja haupo, na macho ya risasi yanataka yote miwili.

Ukiwa dukani, omba ndoana namba 2, ibane kwenye mkunjo, kisha bonyeza jicho lake (tundu la kufungia mshipi) kwa dole gumba. Ndoana nzuri itapinda kidogo na kurudi. Ikiteleza tayani, rudisha jiliwa rafuni hata kama muuzaji anasema halijakazwa vizuri. Kama linabana kwa wenzo, angalia kama nafasi ya taya inarekebishika, maana wenzo ukilazimishwa juu ya waya mnene huvunja taya. Kama ni la kusimama kwenye kitako, kinyanyue: kitako chepesi hufuata uzi ukivuta.

Uzi nao usiuchukue mwembamba. Denia (kipimo cha unene wa uzi) 140 inatosha kwa nzi wa perege. Kwa macho ya risasi nenda 210. Vaa miwani unapojaribu, kwa sababu ndoana iliyobanwa vibaya huruka, na huruka kuelekea usoni.