Birika zuri, shimo la mashaka: choo cha nyumba ya mawe ya Lamu

Wauzaji wa nyumba za kale Lamu hukuonyesha kwanza zidaka (vishubaka vya ukutani) na milango ya nakshi. Choo huja mwisho, tena kwa haraka. Anayenunua au kukarabati nyumba ya karne ya 18 afanye kinyume, kwa sababu chooni ndiko fundi wa zamani alikoonyesha akili nyingi, na ndiko alikoacha tatizo lake kubwa.

Tuanze na sifa. Choo kiko ndani ya nyumba, mara nyingi hata ghorofani, hatua chache kutoka vyumba vya kulala. Karne hiyohiyo watu wengi wa London walitumia kibanda cha uani kwa zamu na majirani, na kinyesi kikazolewa usiku kwa ndoo. Lakini tusijisifu kupita kiasi: hii ilikuwa raha ya waungwana. Nyumba za makuti za pembeni mwa mji hazikuwa nayo.

Birika (la kuogea na kutawadhia, si la chai) ndicho kitu bora kuliko vyote humo. Ni tangi la mawe ya matumbawe lililopigwa lipu ya chokaa, limeegemea ukuta. Ndani, penye sakafu yake, fundi alizika bakuli au sahani ya kaure ya Kichina. Wageni hudhani ni pambo. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo birika likikaribia kukauka, ili samaki wadogo wanaofugwa humo wasife. Samaki hao hula viluwiluwi vya mbu. Katika joto la pwani yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi hivi, kwa hiyo birika lisilo na samaki wala kusuguliwa kila wiki ni kiwanda cha mbu chumbani kwako, hasa Aedes, yule wa homa ya dengi, anayependa maji safi ya nyumbani.

Ukubwa nao una hesabu. Birika la sentimita 60 kwa 60 lenye maji ya kina cha sentimita 70 hubeba lita 252, yaani zaidi kidogo ya madumu 12 na nusu ya lita 20. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani, maji yaliyofikia kula mbili (kipimo cha maji katika sheria ya Kiislamu, hukadiriwa takriban lita 200) hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Chini ya hapo mambo hubana, ndiyo maana ya kata: unachota na kujimiminia, mkono hauingii. Kata itundikwe ukutani. Ikilazwa sakafuni kisha ikarudishwa birikani, faida yote imepotea.

Kinachoharibika kwanza ni lipu. Fundi asiye mzoefu hupiga saruji juu ya chokaa kuukuu. Saruji ni ngumu, ukuta wa matumbawe unapumua na kucheza kidogo, basi ufa hutokea mahali wanapokutana na chumvi huisukuma lipu nje kama ngozi inayobambuka. Tumia chokaa iliyolowekwa ikaiva, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio wa baharini, tabaka nyembamba za sentimita moja, kila moja ifunikwe magunia mabichi isikauke ghafla. Umalizie kwa niru, yaani chokaa laini ya kung'arishia. Ghorofani usifanye mzaha kabisa: lita 252 ni kilo 252 kabla ya kupima mawe yenyewe, na vyote vimebebwa na boriti za mikoko. Uvujaji mdogo huozesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta, usikoona. Kagua dari ya chumba cha chini. Doa la kahawia karibu na ukuta ni dalili mbaya.

Jambo moja husahauliwa: samaki na dawa ya klorini havikai pamoja. Maji ya kunywa yatibiwe kwenye mtungi wake, birika liachiwe samaki.

Sasa shimo. Limechimbwa chini ya nyumba au kando yake, refu, na maji machafu hunywewa na ardhi. Kisima kiko uani mwa nyumba au kwa jirani. Kanuni ya leo ni mita 30 kati ya choo na kisima, na chini ya shimo pawe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Lamu nyumba zimebanana kiasi kwamba mita 30 zinaweza kuvuka nyumba tatu. Kwa hiyo kisima cha ndani ni cha kufulia na kudekia, hata maji yake yang'ae namna gani.

Na kuna kejeli. Samaki analinda maji safi, lakini shimo likiingia maji huzaa Culex, mbu anayeeneza matende na mabusha pwani, naye hana mlinzi. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe za polistareni, zile nyeupe za kufungashia televisheni, zikaelea juu ya maji ya mashimo. Viluwiluwi vikakosa pumzi, na pamoja na dawa za kumeza ugonjwa ukapungua sana. Kwa shimo lenye maji ya kudumu chembe hizo bado ni dawa rahisi. Shimo kavu halihitaji.

Birika nalipatia alama tisa kwa kumi. Shimo alama tatu, na hizo ni za kina chake. Kabla ya kutoa arubuni, njoo masika, funga jiwe kwenye kamba, literemshe tunduni mpaka chini. Kamba ikirudi na majimaji, pima urefu uliolowa, kisha ndipo mzungumze bei.