TAHADHARI: Lijamu za punda "za farasi wadogo wa Ulaya", usitume hela kabla hujasoma hapa

Mbukwa wana Dodoma, na ndugu zangu wote wenye punda na mikokoteni, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa mpaka Manyoni.

Kuna mtu anapita kwenye magrupu yetu ya simu anauza lijamu, kile chuma cha kumtia mnyama mdomoni ili umwongoze kwa vigwe, yaani kamba za kuongozea. Anasema ni za farasi wadogo wa Ulaya, chuma kisichoshika kutu, zimetoka Uingereza, na kwamba zinamfaa punda wa mkokoteni kabisa. Mimi nimenunua. Punda wangu alikaa wiki tatu hafanyi kazi, na siku mbili kati ya hizo niliamini atakufa. Ndiyo maana naandika.

Nieleze kwanza kwa nini nilitaka lijamu, maana najua wengi mtauliza. Punda wetu huku tunawaongoza kwa kamba ya kichwani na sauti ya mtu, basi. Lakini sisi tuko Ihumwa, na kijana wangu anavuka barabara kuu ya Morogoro mara nne kwa siku akiwa na madumu ya maji. Malori hayaishi pale. Mwezi wa tano punda wetu mkubwa, Subira, alishtushwa na honi akaingia barabarani na mkokoteni, kijana anavuta kamba kwa nguvu zote na punda hasikii. Lori lilifunga breki likasimama hatua chache kutoka kwao. Usiku ule sikulala. Kesho yake nikaona tangazo, na picha ilikuwa nzuri: chuma kinang'aa, kimepinda kidogo katikati kama mwezi mchanga, pembeni kina mikono miwili midogo. Nikapiga simu.

Alinipokea vizuri sana. "Shikamoo mama yangu." Akaniuliza punda ana umri gani, anavuta mzigo gani, niko wapi. Akasema zimebaki nne, bei ni elfu sitini na tano, nitangulize arobaini nyingine nimalizie mzigo ukifika. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, yeye akasema ni la mke wake. Baada ya siku tatu nikamalizia hela, nikaenda kuchukua kifurushi stendi ya Nanenane.

Sasa sikilizeni. Katika maswali yote aliyoniuliza, hakuuliza upana wa mdomo wa punda hata mara moja. Wakati ule sikujua kama hilo ndilo swali. Mtu anayekuuzia kiatu bila kukuuliza namba ya mguu utamshtukia hapo hapo. Lijamu ni vivyo hivyo, tena zaidi, maana kiatu kikibana mtu atasema.

Kilichokuja hakikuwa kile cha kwenye picha. Zilikuwa pingili mbili za chuma, nene kama kidole changu cha shahada, zimeunganishwa katikati kwa kulabu, na kwenye kila kulabu kuna bonge la kuchomelea ambalo halikupigwa tupa. Mikono ya pembeni haikuwepo, kulikuwa na pete mbili za mviringo zinazocheza. Nikampigia. Akasema hiyo ndiyo toleo jipya, bora kuliko ya zamani. Nikamwamini, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa na nilitaka iwe kweli.

Siku ya kwanza Subira alisimama kila alipoambiwa. Kijana akirudisha vigwe kidogo tu, punda anaganda. Tulifurahi. Leo nikikumbuka ile furaha moyo unauma, kwa sababu alikuwa anasimama kwa maumivu.

Siku ya tatu jioni nilimpa pumba akanusa, akaacha. Povu la mdomoni lilikuwa na rangi ya waridi. Nikadhani amekula mwiba. Asubuhi pumba ziko vile vile, na ulimi umechungulia pembeni ya mdomo. Nikamwita afisa mifugo wa kata. Alimfungua mdomo, akawasha tochi ya simu, akaniambia, "Mama, njoo uone mwenyewe." Pembe za midomo zimechanika pande zote mbili. Juu, kwenye kaakaa, kuna shimo linaloingia ncha ya kidole. Na kwenye ufizi, pale pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego, ngozi imetoka kabisa na inang'aa kitu cheupe. Kilikuwa mfupa. Pale ufizi ni mwembamba mno, chini yake ni taya moja kwa moja.

Kisha akashika ile lijamu, akaikwangua kwa kisu. Ule mng'ao ulitoka kama ganda la yai. Chini yake ni nondo ya kawaida ya kujengea, na tayari ilikuwa na kutu mle ambamo rangi ilibanduka. Vile vipande vilivyobanduka Subira alikuwa anavimeza.

Afisa alinieleza jambo ambalo nataka kila mwenye punda alijue hata kama hatanunua lijamu maisha yake yote. Punda hasemi maumivu. Farasi atarusha kichwa, atapiga teke, punda anatulia tu, nasi tunasema mvumilivu. Na punda akigoma kula kwa siku mbili tatu, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu, ini linashindwa, anakufa, hata kama lile jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Kwa hiyo punda asiyekula si wa kusubiriwa mpaka kesho. Subira aliokolewa na uji mwepesi wa pumba, majani mabichi yaliyokatwakatwa, maji ya chumvi ya kuosha mdomo asubuhi na jioni, na sindano. Hela ya lijamu ni elfu sitini na tano. Hela ya matibabu na maji ambayo hatukuuza wiki tatu sitaki hata kuihesabu. Tena punda siku hizi hapatikani kwa urahisi, waliisha kwa biashara ya ngozi mpaka viongozi wa Umoja wa Afrika, Februari 2024 huko Addis Ababa, wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ukimpoteza mmoja, kumpata mwingine ni kazi.

Nina shemeji yangu anatunza farasi shambani huko Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa, na pale wana farasi wadogo wawili wanaovuta kigari. Ningemuuliza yeye kabla. Nilimtumia picha ya ile lijamu akanipigia hapo hapo, tukaongea karibu saa nzima. Nawaandikia alichonifundisha kwa kuwa tapeli huyu anaishi kwa kutojua kwetu.

Kwanza, hiyo "ya farasi wadogo" peke yake ni mtego. Lijamu za farasi wadogo zipo kweli, na nyingi zina upana wa inchi tatu na nusu mpaka nne, wakati farasi mkubwa anavaa inchi tano hivi. Punda wetu hayuko huku wala kule. Shemeji alinifundisha kupima: chukua kijiti laini au kipande cha bomba jembamba la plastiki, kipitishe mdomoni pale kwenye pengo la meno, weka alama ya kalamu pale midomo inapoishia kulia na kushoto, toa, pima kati ya alama. Kisha ongeza nusu sentimita hivi kila upande. Subira alitoka sentimita kumi na nusu, kwa hiyo anahitaji lijamu ya sentimita kumi na moja na nusu, sawa na inchi nne na nusu. Lijamu ya farasi mdogo ya inchi tatu na nusu, hata ingekuwa halisi ingembana midomo kama koleo. Na hii niliyoletewa, nilipoipima kwa futi ya mshonaji, ni sentimita kumi na tatu na nusu! Haikuwa saizi ya punda wala ya farasi mdogo. Ikiwa ndefu hivyo, ile kulabu ya katikati inaning'inia, na vigwe vikivutwa pingili zinajikunja na kuchoma juu. Ndilo lile shimo la kwenye kaakaa.

Pili, unene. Watu wengi tunadhani chuma kinene ni cha upole na chembamba ndicho kinakata. Kwa mnyama mkubwa kuna ukweli, lakini punda na farasi wadogo wana ulimi mnene uliojaza mdomo wote, na kaakaa lao liko chini, karibu na ulimi. Chuma kinene kinakosa pa kukaa, mnyama anashindwa hata kumeza mate. Shemeji anatumia cha milimita kumi na mbili hivi. Na kwa mnyama anayevuta gari anapenda kipande kimoja kisicho na pingili, kilichopinda kidogo kumwachia ulimi nafasi, au chenye pingili tatu ambapo ile ya katikati ni ndogo na laini. Cha pingili mbili hakipendi kwa hawa wadogo.

Ile mikono ya pembeni niliyoiona kwenye picha nikaikosa kwenye kifurushi ina kazi yake. Inazuia chuma kisivutwe upande mmoja kikapenya mdomoni, na haikwami kwenye miti ya mkokoteni. Pete zinazocheza, zikiwa na tundu lililokatwa vibaya, hushika ngozi ya pembe ya mdomo kila zinapozunguka. Midomo ya Subira ilichanwa na hilo.

Kuna pia zile ndefu zenye mnyororo wa chini ya kidevu na matundu kadhaa ya kufungia vigwe, wanaziita za Liverpool. Huyu mtu anazo kwenye picha zake, anaziuza elfu tisini "kwa punda mbishi". Nawaomba msiziguse. Kigwe kikifungwa tundu la chini, nguvu ya mkono inaongezeka mara kadhaa kwenye taya, na mkono wa kijana aliyeogopa lori hauna kipimo.

Kuhusu chuma chenyewe, beba sumaku ndogo. Ikinata kwa nguvu kama kwenye msumari, simama uulize zaidi. Sumaku pekee haitoshi, kwa sababu vipo vyuma visivyoshika kutu ambavyo nayo inavishika, kwa hiyo omba ruhusa ukwangue kidogo mahali pasipoonekana. Muuzaji mkweli hataogopa. Halafu pitisha ncha ya kidole chako taratibu kila mahali, hasa kwenye maungio. Kinachokwaruza kidole chako kitachana mdomo.

Na shemeji alimalizia kwa swali: "Nani amekwambia Subira anahitaji chuma mdomoni?" Tulimshonea hatamu ya mkanda mpana wa turubai, yenye mkanda wa puani uliokaa juu kidogo mbali na matundu ya pua, vigwe vimefungwa pande mbili badala ya kamba moja ya kidevuni. Tukamfundisha kusimama akiwa mtupu uwanjani, asubuhi na jioni, mpaka akazoea. Na barabarani kijana sasa anashuka, anashika kichwa, anavuka naye kwa miguu.

Huyo mtu nilimpigia tena mara sita. Ya kwanza alisema punda wangu ana tabia mbaya. Ya pili akasema nimeifunga kichwa chini. Baadaye akanizuia kabisa. Nimetoa taarifa polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa, na namba yake nimeituma 15040 kama mamlaka ya mawasiliano inavyoelekeza kwa namba za matapeli. Kama amekuuzia na wewe, usifute meseji wala muamala, na uende polisi, maana malalamiko ya watu kumi yana uzito kuliko langu. Afisa mifugo ameniambia pia kuwa tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama kwa kifaa kama hiki ni kosa. Hilo linatuhusu na sisi wenye punda.

Wiki iliyopita mwenzetu wa Kongwa alinionyesha tangazo lake jipya. Namba nyingine, jina lingine, picha ni zile zile, hata kile kitambaa cha kijani chini ya chuma. Sasa anasema zimebaki tatu.

Kama kifurushi kimeshakufikia, usimvalishe mnyama hata kwa kujaribu. Kama alishavaa, mfungue mdomo leo hii, tumia tochi, angalia pengo la meno, chini ya ulimi na juu kwenye kaakaa. Jumamosi nitakuwa mnada wa Msalato upande wa mbuzi, na ile lijamu ninayo kwenye mfuko. Yeyote anayetaka kuishika na kuikwangua mwenyewe aje aniulizie, mama wa Subira.