Mashine ya kutoboa matundu ya ulimi, nimekaa nayo mwaka sasa

Mi nafanyia useremala nyuma ya nyumba huku Buhongwa, Mwanza, kibanda cha mabati tu, kazi zangu nyingi ni milango ya paneli na vitanda. Matundu ya ulimi, yale ya pembe nne ambamo ncha ya mbao nyingine inaingia, nilikua napiga kwa patasi na nyundo miaka yote. Sasa mlango mmoja una matundu sita kwa uchache, ukiwa wa mninga na mwenye nyumba anataka ahamie Jumamosi, ikifika jioni hata kukata tonge la ugali ni shida.

Nikaanza na kile kifaa cha kufunga kwenye drili ya mezani, patasi ya mraba yenye uwazi na keekee ndani yake, kwa kuwa drili ninayo nikaona naokoa hela. Kwa paini kinaenda, sikatai. Ila kwenye mninga ule mkono wa drili ni mfupi, unaning'inia kama unachota maji kisimani, na patasi ikishazama haitaki kutoka, ukinyanyua inakuja na mbao yake. Halafu ukitaka kutoboa tundu la kawaida la duara inabidi ufungue kila kitu, ukirudisha unaanza kunyoosha upya. Miezi miwili nikakichoka.

Nusura nichukue mtumba wa Japan, chuma zito haswa, roho ilishapenda, kumbe kile kibati cha mota kimeandikwa volti 100 na umeme wetu ni 230, na muuzaji yupo tu anasema "chomeka boss haina shida". Soma kibati kabla hujatoa hela aisee.

Mwisho nikachukua mpya ya Kichina ya kukaa mezani, wati 370, laki saba na nusu pamoja na patasi nne. Watu wananiuliza mbona mota ndogo. Mota pale inazungusha keekee ya ndani tu, ile patasi ya mraba ya nje haizunguki, inasukumwa na mkono wako wewe, kwaiyo dukani mi ningeangalia urefu wa mkono wa mashine na kile kibanio kinachozuia mbao isinyanyuke. Mkono wa hii uko poa. Kibanio ni kibovu, kilikua kinalegea kila matundu mawili nikabadilisha bolti zake nikaweka nene. Na ule ubao wa kuegemeza mbao ulikuja umepinda kidogo, tundu la kwanza likatoka limekaa mshazari kama jino la juu, nikaulazimisha kwa vipande vya bati.

Patasi zilizokuja nayo ni butu, hilo lijue mapema, unanoa ndo unaanza kazi. Na siku ya kwanza niliunguza moja. Nilisukuma keekee mpaka ikagusa patasi nikabana hivohivo, nikawasha, ikalia kriiii, moshi, ncha ikageuka bluu. Kuna mzee fundi wa Nyakato alikua amekuja kuchukua mbao zake, akacheka akasema, "Kijana umeibana kavu. Lete sarafu." Akaweka sarafu kati ya bega la patasi na mashine akabana patasi, akasukuma keekee mpaka juu akaifunga, kisha akatoa sarafu na kuipandisha patasi ijaze ile nafasi. Kwaiyo keekee inabaki imetokeza mbele kiasi cha unene wa sarafu, haisuguani. Akaigeuza na ile njia ya kutolea machicha ya mbao iangalie pembeni, upande ambao tundu limeshachimbwa, maana yakikosa pa kutokea yanajaa ndani na joto linapanda. Shikamoo mzee, toka siku ile sijaunguza tena.

Jioni umeme wa mtaani kwetu ukishuka mota inaguna, hapo naacha napiga randa, matundu nafanya asubuhi. Lile la mlango wa mninga ambalo lilikua linanila karibu nusu saa sasa dakika tano limeisha, kona nasafisha kidogo tu kwa mkono.

Ukinunua patasi za kuongeza, nunua mbili za milimita 12, ndo ninayotumia karibu kila siku. Ya 6 bado ina grisi yake ya kiwandani.