Jumba la Makumbusho la Rosa Parks, Montgomery: nendeni kama kikundi

Mwezi uliopita wanawake sita wa kikoba chetu, Watanzania na Wakongo tunaoishi Atlanta, tulisafiri hadi Montgomery, Alabama, kulitembelea Jumba la Makumbusho la Rosa Parks. Tulilipia pia ziara ya mjini kwa basi dogo la kampuni moja ya watembeza wageni, ambayo nitaieleza baadaye. Kwamba wanawake wa mji ule walikuwa majasiri tulikuwa tumekwisha kusikia. Tulichokifuata ni kujua kazi yenyewe waliifanyaje.

Jumba liko chini ya Chuo Kikuu cha Troy, nalo limejengwa pale pale Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti katika basi, alipokamatwa tarehe 1 Desemba 1955. Ndani kuna mfano wa basi la wakati ule, na kupitia madirisha yake mgeni huona tukio likiigizwa: abiria wanapanda, viti vinajaa, dereva anawaamuru weusi wanne wainuke, watatu wanainuka, mmoja, Rosa Parks, anabaki ameketi. Mwenzetu aliyekulia Bukavu alinishika mkono na hakuuachia mpaka onyesho lilipokwisha.

Hata hivyo, kilichonifaa zaidi ni habari za usiku uliofuata kukamatwa huko. Jo Ann Robinson, mwalimu wa Chuo cha Alabama State na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, lililoasisiwa na Mary Fair Burks mwaka 1946, hakungoja kuitisha kikao. Aliingia chuoni usiku na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakaiwasha mashine ya kurudufu, na hadi alfajiri walikuwa wamechapa makumi ya maelfu ya vipeperushi, vitatu katika kila karatasi, vya kuwaomba watu wasipande mabasi Jumatatu. Kulipokucha vilisambazwa upesi kwa sababu baraza lilikuwa limekwisha kujipanga. Tangu Mei 1954 Robinson alikuwa amemwandikia meya kumwonya kuhusu mgomo wa kutopanda mabasi, akimkumbusha kwamba robo tatu ya abiria walikuwa weusi. Vikundi vyetu vingi husubiri jambo litokee ndipo vianze kutafutana kwa simu, na hilo lilinichoma.

Msimame pia mbele ya gari la mwaka 1955 lililokarabatiwa, la aina iliyobeba wafanyakazi katika siku 381 ambazo mgomo huo uliendelea. Magari hayo yaliitwa makanisa yanayotembea, kwa kuwa yaliandikishwa kwa majina ya makanisa. Mafuta na matairi yalihitaji fedha, na sehemu ya fedha hizo ilitoka jikoni. Georgia Gilmore, mpishi, aliwakusanya wanawake wakapika kuku, keki na pai za kuuza, na mapato akayafikisha kwenye mikutano ya hadhara. Walijiita Klabu ya Kutoka Pasipojulikana, ili anayeulizwa fedha zimetoka wapi ajibu hivyo bila kumtaja mtu ambaye angefukuzwa kazi. Inez Ricks akaanzisha klabu ya pili, na wakashindana nani ataleta nyingi zaidi. Aliyewahi kushika daftari la kikoba ataielewa kazi hiyo mara moja, isipokuwa sisi huandika kila jina, na wao usalama wao ulikuwa katika kutoandika.

Majina yalipohitajika, yalitolewa. Kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyovunja ubaguzi katika mabasi hayo mwaka 1956, ilisimama kwa majina ya wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin, aliyekamatwa akiwa na umri wa miaka 15, miezi tisa kabla ya Rosa Parks.

Kampuni ya ziara siipendekezi. Mwongozaji alizungumzia wahubiri karibu muda wote, akapita Mtaa wa Dericote, alikoishi Bi. Gilmore, bila hata kupunguza mwendo. Tulipomwomba asimame, alijibu kwamba ratiba haimruhusu. Jumba peke yake linatosha, mradi mtenge saa mbili kamili na mwende mkiwa wengi, kwa maana maswali mazuri yalizuka tulipokuwa tukijadiliana mbele ya lile gari. Sisi tutarudi mwakani kwa gari letu wenyewe, na Dericote tutasimama.