Bangi ya Kaunta: Tathmini ya Duka Lenye Leseni Mjini Toronto

Shemeji yangu, ambaye maumivu ya mgongo yamemnyima usingizi kwa muda mrefu, aliniomba nimsindikize katika duka la bangi lenye leseni hapa Toronto. Mimi situmii, lakini nilikubali, kwa kuwa nilitaka kujionea jambo ambalo kwetu Tanga huzungumzwa kwa minong'ono. Kanada ilipiga marufuku bangi mwaka 1923 na kuiruhusu tena Oktoba 17, 2018. Leo mtu mzima anaweza kutembea na hadi gramu 30 zilizokaushwa bila kukamatwa.

Mlangoni tulidaiwa vitambulisho, ingawa shemeji ana mvi kichwa kizima. Umri wa chini katika jimbo la Ontario ni miaka 19, na ukali ule uliniridhisha kuliko kitu kingine chochote dukani, kwa sababu muuzaji wa kichochoroni hamuulizi mtoto ana miaka mingapi.

Shemeji alichagua peremende laini zilizotiwa bangi. Pakiti haina picha wala mapambo: kuna onyo la afya kwenye mstatili wa manjano, alama nyekundu yenye jani la bangi, stempu ya ushuru, tarehe ya kufungashwa na kiasi cha THC, yaani kemikali ya bangi inayolevya. Ndani mna peremende mbili, kila moja ina miligramu 5, kwa maana sheria hairuhusu pakiti nzima ipite miligramu 10. Mdomo wake haufunguki mpaka ubane kona na kuvuta kwa pamoja, ili watoto wasiweze. Tulipofika nyumbani vidole vya shemeji vilishindwa, ikabidi nimfungulie. Katika mjadala wa kuondoa marufuku, mimi hoja iliyonishika ni hiyo pakiti. Anayenunua kete iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti hajui ukali wake wala kilichochanganywa humo, na hana pa kulalamika akidhurika.

Huduma ya kaunta, hata hivyo, ilinisikitisha. Kijana aliyetuhudumia alimwambia shemeji kwamba peremende zile zingemponya mgongo, ahadi ambayo muuzaji hana ruhusa ya kuitoa. Hakumuuliza kama anatumia dawa nyingine, na shemeji anameza vidonge vya shinikizo la damu kila siku. Tena hakueleza, hadi nilipomuuliza mimi, kwamba bangi inayoliwa huchelewa: mtu anaweza kukaa muda wa saa 2 bila kuhisi kitu, akadhani haifanyi kazi, akaongeza nyingine na kujitia matatani.

Liko pia jambo lisilo la duka lenyewe, ila sikuweza kulisahau nikiwa kwenye foleni. Waliohukumiwa zamani kwa kukutwa na bangi kidogo hawakufutiwa kumbukumbu zao. Sheria ya mwaka 2019 iliwaondolea ada ya dola 631 ya kuomba msamaha, lakini kila mmoja alitakiwa kuomba mwenyewe na kukusanya nyaraka za polisi na mahakama. Naona hilo ni deni ambalo serikali ilipaswa kulilipa kabla ya kutoa leseni ya kwanza.

Kwa usalama wa bidhaa na ulinzi wa mlangoni, nalipendekeza duka hili; kwa ushauri wa afya, mwoneni kwanza daktari au mfamasia. Wanaokwenda likizo nyumbani wasibebe hata peremende moja, kwani kuvuka mpaka wa Kanada na bangi bado ni kosa la jinai, na sheria ya Tanzania nayo haijalegea. Pakiti ya shemeji nimeifunga tena, ipo kabatini hadi atakapoonana na daktari wake.